Kilemba Kilichobaki kwa Mzaramo

Najiat alikuja kumlilia Bernadeta siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, na Bernadeta mwenyewe alikuwa hai, ameketi barazani kwake Igalula, anachuja asali.

Alikuja na mkeka kwapani. Akautandika katikati ya ua, akavua ndala, akakaa, akajifunika kanga kichwani na kuanza kuomboleza. "Mama Theodora wangu, umetuacha na nani. Mwanamke mrefu kama nguzo ya simu, jamani, hata jeneza la kukutosha tutalipata wapi. Itabidi tukukunje."

Wanawake wawili wa kikundi cha wafuga nyuki, waliokuwa wakikamua masega pembeni, waliweka ndoo chini wakashika mbavu. Bernadeta hakucheka.

"Najiat, nina kazi."

"Maiti haongei. Unanivurugia kilio."

Sasa, kama hujui habari za Mnyamwezi kama Bernadeta na Mzaramo kama Najiat, utasema mama huyu hana adabu, na utakuwa umekosea sana. Utani wao ni wa tangu enzi za misafara. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu begani kutoka huku Tabora hadi pwani, wakaingia nchi ya Wazaramo miguu imevimba na njaa imewashika, wakapokelewa kwa maji ya kunywa na kwa matusi, vyote viwili kwa pamoja. Tangu hapo mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Humkasirikii. Akichukua kitu chako humnyang'anyi, unakikomboa kwa kile atakachotaka yeye. Bernadeta alipofiwa na mumewe, Alois, Najiat huyuhuyu alilala kifudifudi mbele ya gari lililobeba jeneza, na gari halikusogea hatua moja mpaka alipopewa jogoo. Kisha ndiye aliyebaki na mjane wiki tatu, akimpikia uji na kumlazimisha kuoga.

Kwa hiyo Bernadeta alijua hawezi kumfukuza. Alijua pia kilichomleta.

Mwaka uliopita tumbo lake lilikuwa limejaa, likawa gumu. Akadhani ni gesi, kumbe ni saratani ya ovari. Alifanyiwa upasuaji Mwanza, akapewa kemo, dawa ya saratani ya kutundikiwa dripu, mara sita. Nywele zikapukutika, akatapika mpaka akachukia harufu ya sabuni, lakini alimaliza, na parokia nzima ikatoa sadaka ya shukrani. Miezi minne tu ikapita, ugonjwa ukarudi. Daktari akasema seli zimekuwa sugu kwa dawa ile, ila ipo dawa nyingine, waijaribu. Bernadeta akasema hapana. Nywele zake ndiyo kwanza zimeota tena. Mwanawe Vedasto anaoa mwezi wa nane, binti wa watu kutoka Lusu, Nzega, jina lake Jenifa, na yeye anataka kusimama kanisani na nywele zake kichwani. Baada ya hapo Mungu afanye apendavyo.

Hayo ndiyo aliyowaambia watu. Lililokuwa moyoni lilikuwa jingine, na hakumwambia hata padri.

Baada ya dripu ya tatu, alipokuwa nyumbani akipumzika, alichukua asali ya nyuki wadogo kutoka mzinga wake mwenyewe, ile asali nyepesi chachu ambayo watu wa huku wanaiheshimu kama dawa, akaichanganya na unga wa mizizi aliyoletewa kutoka porini. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, majuma mawili. Muuguzi alikuwa ameshamwambia, mama, usitumie dawa nyingine yoyote bila kutuambia, na yeye akaitikia kwa kichwa. Saratani iliporudi hakuuliza kwa nini. Alijua mkosaji ni nani. Alikuwa ameiharibu dawa kwa mkono wake, na kila mtu aliyempa pole alikuwa kama anamchapa. Mtu wa namna hiyo anawezaje kwenda kunyoosha mkono apewe dawa nyingine?

Najiat alipochoka kulia alijipangusa uso, ambao haukuwa na chozi hata moja, akasimama. "Haya. Kwa kuwa marehemu hana haja tena na nguo, tugawane." Akaingia ndani.

Alitoka na vazi la harusi. Bernadeta alishtuka kweli, maana vazi hilo alilishonesha kwa fundi wa Cheyo, Tabora mjini, zambarau yenye maua ya manjano, sketi ndefu na blauzi ya mikono mipana, kilemba cha kitambaa hichohicho, na viatu vya kisigino kifupi alivyovitafuta maduka saba. Najiat aliipima sketi kiunoni. Yeye ni mfupi, amejaa vizuri, na sketi haikumzunguka kiuno, na chini ikaburuza mavumbini.

"Nitaipunguza urefu, nitaiongeza mapana," alisema. "Harusini nitakaa kiti cha mama mzazi."

"Najiat, weka hiyo nguo chini."

"Ikomboe."

"Unataka nini? Jogoo? Ndoo ya asali?"

"Kuku wako wamekonda kama wewe, na asali nimekinai." Najiat alikunja sketi taratibu, na sauti yake ikashuka kidogo. "Nitakupa kimoja kimoja. Nenda Mwanza, kaa mbele ya daktari, umwambie kwa mdomo wako kwamba hutaki. Siyo kwa simu. Siyo kwa kumtuma binti yako Theodora. Ukifanya hivyo nakurudishia viatu."

"Na vilivyobaki?"

"Vilivyobaki tutavizungumza. Hebu niambie, nyinyi mmeingiwa na nini? Babu zako walitembea miezi mitatu na pembe begani, hawakulalamika. Wewe unakalishwa kwenye kiti, dawa inabebwa na mpira mpaka mkononi, halafu unasema umechoka."

Hapo ndipo Bernadeta alipocheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimponyoka, na kikamuuma tumboni palepale penye ugonjwa. Siku mbili baadaye walipanda treni hadi Tabora, na kesho yake basi la Mwanza, Najiat akilala njia nzima na kichwa chake kizito begani kwa mgonjwa.

Theodora aliwapokea stendi. "Shikamoo, Mama. Shikamoo, Mama Najiat."

"Marahaba. Mama yako amekuja kukataa," alisema Najiat. "Mkaribishe."

Theodora alitabasamu kwa shida. Alikuwa binti wa miaka thelathini na moja, mrefu kama mama yake, na kazi yake ilikuwa maabara, kwenye utafiti wa damu za wanawake wenye saratani hiihii. Mama yake alikuwa ameingizwa kwenye utafiti huo kabla ya matibabu, na Theodora hakujua mrija upi ni wa nani, kwa sababu mirija ina namba tu. Mwaka mzima alikuwa akipima damu huku akijiuliza kama hii aliyoshika ndiyo iliyomzaa. Hakuwahi kumwambia mama yake jambo hilo. Katika familia ile kila mtu alikuwa na lake alilolificha.

Daktari Wilbroad aliwapokea asubuhi. Ni mtu mpole, mwenye mvi pembeni mwa kichwa, na alimsikiliza Bernadeta akisema hapana mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ni haki yako, mama," alisema. "Sitakulazimisha. Naomba sababu tu, niiandike."

"Nywele," alisema Bernadeta.

Najiat aliguna. "Daktari, huyu amekaa na nywele miaka hamsini na nane na hazijamsaidia kitu."

Daktari alikuwa ameshika kalamu, anasubiri. Bernadeta aliitazama ile kalamu. Alifikiria neno hilo, nywele, likiandikwa kwenye faili lake na kukaa humo hata baada ya yeye kuzikwa, uongo wenye tarehe na muhuri. Akaona aibu. Akaona pia uchovu, uchovu wa kubeba kitu peke yake miezi yote hiyo, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Siyo nywele. Niliiharibu dawa yenu." Akawaeleza yote, asali, mizizi, vijiko, majuma mawili. Hakumtazama binti yake. "Mlinipa dawa nzuri, mimi nikaichafua. Ndiyo maana imenikataa. Sasa nichukue nyingine niichafue nayo? Mpeni mtu mwingine."

Hata Najiat alinyamaza, na hilo halijawahi kutokea tangu ahamie Igalula.

"Kwanza," alisema daktari, "usirudie. Mizizi mingine inagombana na dawa zetu, mingine inaumiza ini, na sisi tunabaki gizani kama hatujaambiwa. Hilo nakugombeza." Akafungua droo, akatoa karatasi. "La pili. Ulipoingia kwenye utafiti tulikuuliza kama ungependa kuambiwa tutakachokiona kwenye damu yako, ukasema ndiyo. Majibu yalitoka mwezi uliopita. Nilikuwa nakusubiri, ukagoma kuja. Theodora, mweleze mama, wewe unaijua lugha yake kuliko mimi."

Theodora aliichukua karatasi. Aliona namba, na kwa mara ya kwanza akajua ni ya nani. Alikaa chini, karibu kabisa na magoti ya mama yake.

"Mayu," alianza, kama anavyomwita nyumbani, "unakumbuka Baba alivyokuwa anafanya kazi pale stesheni?"

"Naanzaje kusahau? Miaka ishirini na miwili mshika bendera."

"Treni ilikuwa na tani ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Na bendera?"

Bernadeta alifikiri. "Kitambaa. Nilikuwa naifua mimi mwenyewe."

"Basi. Kitambaa hicho ndicho kilichosimamisha treni nzima. Ndani ya seli kuna maagizo, na kila agizo linanakiliwa, nakala inasafiri kwenda kutekelezwa. Halafu kuna vitu vidogo mno vinaitwa maikro RNA. Haviendeshi treni. Havitoi agizo lolote. Kazi yake ni kuikuta nakala njiani na kuisimamisha isifike. Sote tunavyo, vinatusaidia mambo yasiende ovyo. Sasa dawa ile ya kwanza inaijeruhi seli ya saratani mpaka seli yenyewe inatoa agizo la kujimaliza. Ndivyo inavyoua. Lakini kwako kuna maikro RNA moja imejaa kupita kiasi, na tunadhani inalisimamisha agizo hilohilo. Seli imeumia, agizo limetoka, bendera nyekundu imepandishwa. Seli haifi. Inajikusanya, inaanza upya. Ndio huo usugu."

"Na mizizi ndiyo iliyoijaza," alisema Bernadeta polepole.

"Hapana, Mayu. Sikiliza vizuri. Damu hii tuliyopima siyo ya mwaka huu. Ni ile uliyotolewa asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hujatundikiwa dripu hata moja. Bendera ilikuwa tayari imeshapandishwa."

Bernadeta aliishika karatasi, ingawa hakuielewa hata mstari mmoja. "Kabla ya dripu ya kwanza."

"Ndiyo."

"Mimi asali nilikunywa baada ya ya tatu."

"Najua. Umetuambia sasa hivi."

"Kwa hiyo kabla ya asali."

"Kabla ya asali, Mayu. Karibu miezi miwili kabla."

Alilia, na hakulia kidogo. Alilia kwa sauti kama mtu aliyeachiwa kutoka kizuizini, na Theodora akalia naye, kwa sababu zake. Daktari Wilbroad, ambaye bila shaka ameona mengi, aliinuka akaenda kutazama nje dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama zaidi ya tangi la maji.

Aliporudi kwenye kiti chake alisema ukweli uliobaki, na Bernadeta alimpenda kwa hilo. Kwamba huu bado ni utafiti, si tiba. Kwamba bado hawajui namna ya kumnyang'anya mshika bendera huyo kitambaa chake, ndicho wanachokitafuta, na hata kwamba ndiye mkosaji pekee hawawezi kuapa. Kwamba dawa ya pili anapewa kwa sababu ugonjwa umerudi upesi, ndivyo wanavyofanya kwa mgonjwa yeyote wa namna yake, na yenyewe inapita reli nyingine, inaizuia seli isigawanyike. Inaweza kufanya kazi, inaweza isifanye. Nywele zitaondoka tena.

"Nitundikieni," alisema Bernadeta.

Najiat alipata sauti yake. "Yaani mwezi mzima nimekosa usingizi kwa ajili ya vijiko vya asali. Viatu sikupi."

"Ulisema nikija nikikataa unanipa."

"Hujakataa."

Mzaramo huyo hakuna wa kumshinda kwa maneno, na hata mahakama ingemwachia. Mkataba mpya ukaandikwa palepale, mashahidi wakiwa daktari na binti. Raundi ya kwanza, yaani sindano tatu kwa wiki tatu na wiki moja ya mapumziko, ingerudisha viatu. Ya pili, sketi. Ya tatu, blauzi. Kilemba kingerudi siku atakapomaliza raundi zote sita. Na kila mara karatasi ya hospitali yenye muhuri iletwe, maana Wanyamwezi hawaaminiki.

Basi Bernadeta akakaa Mwanza kwa binti yake, na kila wiki ya mapumziko akarudi Igalula na karatasi. Viatu vilirudi. Sketi ilirudi ina doa la pilau, kwa sababu Najiat alikuwa ameivaa kwenye maulidi ikiwa imekunjwa mara tatu kiunoni, wala hakuomba radhi. Nywele ziliondoka mwezi wa tano. Najiat alimzunguka mara mbili akimkagua, akasema kichwa kina umbo zuri, kwa nini alikuwa anakificha, na kwamba usiku wa giza wataokoa mafuta ya taa. Vidole vilikufa ganzi, kufunga vifungo ikawa kazi ya nusu saa. Siku nyingine alilala tu. Lakini siku alizoweza kusimama alikwenda kwenye mizinga yake msituni, akakaa mbali kidogo na kuwasikiliza nyuki, na kichwa chake kilikuwa chepesi, nje na ndani. Yule aliyekuwa akijishtaki usiku na mchana alikuwa ameondoka. Ugonjwa peke yake, bila ile hatia, ulibebeka.

Wiki mbili kabla ya harusi alipigwa picha ya kipimo. Daktari Wilbroad aliwaita wote watatu, yeye, Theodora na Najiat. Uvimbe ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Ile alama ya damu wanayoifuatilia, iliyokuwa mia sita na kitu, ilikuwa themanini na nane.

"Haijaisha," alisema daktari.

"Nimesikia," alisema Bernadeta. "Lakini treni ya ugonjwa imesimama?"

"Inarudi nyuma, mama."

Najiat alisimama akacheza pale pale, ofisini, peke yake, bila ngoma. Muuguzi alifungua mlango kuona kuna nini, akaufunga.

Siku ya harusi blauzi ilikuwa imesharudi, imefuliwa na kupigwa pasi. Kilemba hakikurudi. Vedasto, bwana harusi mzima, alikwenda mwenyewe kumbembeleza Najiat, akaambiwa amalize kwanza kufunga tai yake. "Raundi ngapi zimekwisha?" Najiat aliuliza. "Tatu. Tulikubaliana ngapi?" Majirani wakaleta vitambaa vingine, wakaleta hata wigi. Bernadeta alivitazama vyote, akashukuru, akavirudisha.

Aliingia kanisani na kichwa chake kitupu, kinang'aa kwa mafuta, mrefu kuliko wanaume wengi waliokuwapo, katika zambarau na manjano. Wageni wa Lusu waligeuka. Mnong'ono ulipita kutoka benchi hadi benchi, kisha mama yake Jenifa, ambaye walikuwa hawajazoeana, aliinuka, akatoka mahali pake, akaja kumshika mkono na kwenda naye mbele. Bernadeta alikuwa ameogopa kitu hicho tangu mwezi wa tatu, kuonekana hana nywele mbele ya wakwe, na sasa kimefika na hakikuuma. Alishangaa kwamba aliwahi kukitaja kuwa sababu ya kukataa dawa.

Mchana kwenye sherehe alicheza mpaka ganzi ya miguu ikasahaulika. Alikuwa ameketi kupumzika, soda mkononi, Najiat alipokuja na kumfungulia mfuko wa plastiki mapajani. Kilemba kilikuwa kimekunjwa vizuri.

"Chukua," alisema Najiat. Hakuwa anatania, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekuona pale mbele ya altare. Nimefanya ukatili. Chukua, nimekusamehe hizo tatu."

Bernadeta alikipapasa kitambaa kwa vidole ambavyo havikukihisi vizuri. Kisha akakirudisha kwenye mfuko, akamwekea Najiat mapajani.

"Kaa nacho."

"Mama Theodora, usinitie aibu."

"Kaa nacho. Nikimaliza ya sita nitakuja kukichukua kwa karatasi yenye muhuri, kama tulivyokubaliana. Na siku hiyo, Najiat, nikikichukua, wewe chukua kingine. Chukua sufuria, chukua mzinga, chochote. Kila mwaka uwe na kitu changu nyumbani kwako ambacho lazima nije kukifuata."

Najiat alimtazama, na machozi yalitoka, yale aliyoyakosa siku ile uani. Hakuyafuta. Akakitoa kilemba kwenye mfuko, akakifunga kichwani kwake mwenyewe, kikamfunika mpaka kwenye nyusi, akarudi kucheza.